Daftari la Gati Namba Kumi na Saba

Mkataba ulikuwa wa miaka ishirini.
Umekufa mwaka wa sita,
na maiti ya mkataba haizikwi mpaka ihesabiwe.
Ndiyo kazi niliyotumwa Newala.

Pampu nne, moja ina utando wa buibui.
Bomba, kilomita kumi na tisa, toka bondeni hadi huku juu
ambako maji hupanda kwa dizeli.
Tangi la zege, ufa mmoja:
nimeupima kwa kidole, rula niliisahau Mtwara.
Magati ya kuchotea, sitini na mawili.

Kifungu cha thelathini na nane kinaongea kwa upole:
endapo Serikali itavunja kabla ya wakati,
mbia atalipwa deni lake la benki,
atalipwa mtaji wake,
na sehemu ya faida ambayo angeipata
kama kesho ingefika.
Nimekisoma mara tatu.
Ubwiriunga ulipokula maua ya mikorosho ya baba,
msimu mzima, shamba jeupe kama limemwagiwa majivu,
hakuna aliyepanda mlima kumlipa kesho yake.
Lakini baba hakuwa na kifungu.

Siku ya tatu akaja Asumini Nandule,
msimamizi wa gati namba kumi na saba,
daftari kwapani, lile la shule,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada.
"Wewe ndiye wa fidia?"
Nikasema mimi ni wa hesabu.
"Basi ndiye."

Nikamweleza, kwa adabu ya ofisini,
kwamba safu ya kwanza ni ya mbia,
ya pili ya benki, ya tatu ya mkandarasi.
Muuza ndoo hana safu.
Hakukasirika.
"Sijaja kudai, nimekuja kusahihisha.
Karatasi yenu, ile mliyobandika kwa mtendaji,
inasema maji yalikoma mwezi wa sita.
Wa sita wa wapi?
Fungua hapa."

Nikafungua.
Tarehe kumi na moja Januari, ndoo arobaini.
Kumi na mbili, ndoo tisa, zina tope.
Kumi na tatu, hewa.
Kumi na nne, hewa.
Hewa, hewa, hewa,
mwandiko uleule uliolalia kushoto,
Februari yote, Machi yote, Idi imo humo, hewa,
mpaka Juni, mbia alipoandika barua ya kuaga.
Kila alfajiri alifungua koki,
akasikiliza,
akaandika.

Miezi mitano mbia ametudai ada ya huduma
kwa kutuuzia pumzi ya bomba.
Nikakokotoa palepale, juu ya ndoo iliyopinduliwa:
milioni mia tatu na kumi na mbili
zimefutwa na kalamu ya shilingi mia tatu.

Wakili wa mbia alitoka Dar kwa ndege.
Akalishika daftari kwa ncha za vidole.
"Halina muhuri," akasema.
"Lina doa la maji," Asumini akamjibu.
"Hilo hapo, tarehe kumi na mbili. Ndiyo ya mwisho."

Ripoti imekwenda.
Jina lake nimeliweka kwenye kiambatisho cha nne,
ukurasa ambao najua hausomwi,
kwa sababu fomu haikuniachia pengine pa kuliweka.
Watalipana, kimepungua kilichopungua,
na huko juu watu wamerudi kukinga mvua kwenye mabati
na kununua pipa la trekta kwa bei ya mwenye trekta.

Juzi akanipigia simu.
Nikajiandaa kusema fidia haikuhusu, mama,
sheria ndivyo ilivyo, mama,
maneno nilikuwa nimeshayapanga mdomoni.
"Bwana hesabu," akasema, "daftari langu.
Wakimaliza kulisoma huko walikolipeleka, lirudi.
Kurasa za nyuma wamo watu waliochukua ndoo kwa mkopo.
Wa kwao haujavunjika."